Vikokotoo vya umbali wa ndege: kilomita ziamini, saa zikague

Andika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye kikokotoo chochote cha bure mtandaoni, na kabla hujapepesa macho utarudishiwa majibu mawili: umbali na muda wa safari. Yanakaa sambamba kwenye skrini, kwa herufi za ukubwa uleule, na mtumiaji huyapa imani ileile. Hapo ndipo kosa linapoanzia. Jibu la kwanza ni kipimo. La pili ni hesabu ya kugawanya iliyovishwa nguo za kipimo.

Tathmini hii inazipima huduma hizo kwa kazi iliyo ngumu kuliko zote: viwanja viwili vya mikoani vilivyo mbali sana, visivyo na ndege ya moja kwa moja. Kwenye miji mikubwa kama London na New York kikokotoo kinaweza kubahatisha na bado kikapatia, maana ndege zipo kila saa na zinafuata njia iliyo karibu na ile ya hesabu. Kwenye viwanja vya mikoani kila udhaifu wake unaonekana.

Mfano utakaotumika hapa ni Tromsø (TOS), kaskazini mwa Norwei, na Whitehorse (YXY), Yukon, Kanada. Kikokotoo cha kawaida kinachoichukulia dunia kuwa tufe kamili hutoa km 5,370. Chagua viwili au vitatu ulinganishe. Vingi vitakubaliana ndani ya kilomita chache, na vichache vitasema karibu km 5,390. Tofauti hiyo ya km 20 si uzembe wa mtu. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha: kutoka kitovu hadi ikweta ni km 6,378.137, kutoka kitovu hadi ncha ni km 6,356.752. Vikokotoo vyepesi hutumia wastani wa km 6,371 kila mahali. Vile makini hufuata umbo halisi lililobonyea, liitwalo WGS 84, ambalo ndilo linalotumiwa na GPS. Kwa kuwa uso wa dunia karibu na ncha umelala zaidi, digrii moja ya latitudo kule ina km 111.69, huku ikwetani ikiwa na km 110.57. Safari ya kaskazini sana kama hii hurefuka kidogo kwenye hesabu makini. Safari nyingine hufupika. Kosa la tufe mara chache huvuka nusu ya asilimia moja, na kwa msafiri wa kawaida halina madhara. Lakini ukiona vikokotoo viwili vinapishana kwa zaidi ya asilimia moja, acha kulaumu umbo la dunia. Kimojawapo kimeshika kiwanja kisicho chako.

Kuhusu njia yenyewe, ramani ya ukutani humpotosha mtu hapa kuliko kitu kingine chochote. Ukiweka rula kati ya Tromsø na Whitehorse kwenye ramani ya Mercator, mstari unakatiza Atlantiki ya kaskazini, unapita Greenland na Kanada, na urefu wake halisi ardhini ni karibu km 7,180. Njia fupi kabisa, ile inayoitwa duara kuu, haipiti huko. Inaondoka Tromsø ikielekea karibu kaskazini moja kwa moja, inapanda hadi latitudo ya 84, takribani km 640 kutoka Ncha ya Kaskazini, kisha inashuka upande wa pili. Inaokoa km 1,800. Kikokotoo kizuri hukuchorea njia hiyo, na mchoro huo ndio ukaguzi wa kwanza wa kufanya: kama mstari umenyooka tuli kwenye ramani bapa ilhali viwanja vyote viwili viko kaskazini na mbalimbali kwa mashariki na magharibi, mchoraji ametumia rula. Namba inaweza kuwa sahihi, lakini picha ni ya uongo.

Kwa kazi ya umbali pekee, huduma inayopaswa kuwa ya kwanza kufunguliwa ni Great Circle Mapper. Sura yake ni ya kizamani na haina madoido, ila hesabu yake inafuata WGS 84, na inapokea lugha fupi ambayo ukishaizoea hutarudi kwenye visanduku vya "kutoka" na "kwenda". Andika TOS-YXY upate umbali na mwelekeo wa kuondokea. Andika TOS-OSL-LHR-YVR-YXY (kupitia Oslo, London Heathrow na Vancouver) upate kila kipande na jumla yake. Tenganisha njia mbili kwa mkato ili zichorwe pamoja kwenye ramani moja. Vipimo unachagua mwenyewe. Yenyewe imejikita kwenye umbali, na hiyo ni sifa yake, si kasoro.

Vipimo visipuuzwe. Kuna kilomita, kuna maili ya nchi kavu yenye km 1.609, na kuna maili ya baharini yenye mita 1,852, ambayo ndiyo ya marubani. Umbali wetu wa km 5,370 ni maili 3,337 za nchi kavu na maili 2,900 za baharini. Mtu akiiona 2,900 akadhani ni maili za kawaida, akizigeuza atapata km 4,667, yaani amekula km 700 bila kujua. Vikokotoo vingine huandika "maili" tu bila kueleza ni zipi. Dawa ni kuomba jibu kwa kilomita tangu mwanzo. Kilomita haina pacha.

Sasa makosa ya kuingiza data, ambayo ndiyo huharibu majibu mengi zaidi ya kanuni yoyote ya hesabu.

Jina la mji halitoshi. Kuna Sydney ya Australia (SYD) na Sydney ya Nova Scotia, Kanada (YQY). Kuna Birmingham ya Uingereza (BHX) na ya Alabama (BHM). San José ya Kosta Rika ni SJO, San Jose ya California ni SJC. Santiago ndiyo balaa: SCL ni Chile, SCU ni Kuba, SCQ ni Uhispania, STI ni Jamhuri ya Dominika. Kikokotoo kinachokubali "Santiago" na kutoa jibu bila kukuuliza ipi, kifunge utafute kingine. Herufi tatu za IATA, umoja wa kimataifa wa mashirika ya ndege, ndizo zilizo kwenye tiketi na lebo ya mzigo, kwa hiyo zitumie hizo. Kwa viwanja vidogo ambavyo havina herufi tatu, au ambavyo kikokotoo hakivitambui, jaribu herufi nne za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zile za marubani na waongoza ndege.

Halafu kuna viwanja vilivyohama. Msimbo IST ulikuwa wa kiwanja cha Atatürk hadi Aprili 2019, ukahamishiwa kiwanja kipya cha Istanbul kilicho upande wa Bahari Nyeusi, takribani km 32 kutoka kile cha zamani. Berlin ilipata BER mwishoni mwa Oktoba 2020. Kikokotoo kikiiweka IST kando ya Bahari ya Marmara, data yake ni ya kabla ya 2019, na usikiamini kwa viwanja vidogo ambavyo hakuna anayelalamika vikikosewa. Huo ni mtihani mzuri wa dakika moja kwa huduma yoyote mpya unayoijaribu.

Kama kiwanja hakimo kabisa kwenye orodha, utalazimika kuingiza longitudo na latitudo mwenyewe, na hapo kuna mitego miwili inayojirudia. Wa kwanza ni alama ya kutoa. Magharibi mwa Greenwich na kusini mwa ikweta namba huwa hasi. Whitehorse iko longitudo −135.07. Ukisahau kile kijimstari ukaandika 135.07, kikokotoo kitakupeleka Siberia, eneo la Yakutia, na kitakwambia umbali kutoka Tromsø ni km 4,671. Itazame namba hiyo vizuri: haishtui. Ingekuwa 14,000 ungegutuka. 4,671 inapita kama mtu wa nyumbani. Ndiyo maana ramani lazima itazamwe kila mara, hata kama unachotaka ni namba tu.

Mtego wa pili ni dakika na sekunde za nyuzi. Nyaraka za usafiri wa anga huandika latitudo kama 60°42'34". Wengi huondoa alama wakaandika 60.4234. Sivyo. Ni 60 jumlisha 42 gawanya kwa 60, jumlisha 34 gawanya kwa 3,600, yaani 60.7094. Kosa hilo linasogeza kiwanja karibu km 32 kusini. Na ukipunguza desimali, jua unachopoteza: desimali moja ni hadi km 11, mbili ni kilomita moja na ushei, tatu ni kama mita 110, ambazo zinatosha na kubaki, kwa kuwa kiwanja chenyewe kina urefu wa kilomita kadhaa na kipimo huchukuliwa kutoka nukta moja rasmi ndani yake.

Anayetaka kujihakikishia bila kutegemea tovuti ya mtu anaweza kuweka fomula kwenye jedwali lake la kompyuta. Latitudo mbili ziwe A1 na A2, longitudo ziwe B1 na B2, zote kwa desimali:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(A1))*SIN(RADIANS(A2))+COS(RADIANS(A1))*COS(RADIANS(A2))*COS(RADIANS(B2-B1)))

Kwa 69.683 na 18.919 dhidi ya 60.710 na −135.067 itakupa km 5,370 na ushei kidogo. Ikitoa namba chini ya 20,016 basi angalau haijavuka nusu ya mzingo wa dunia, ambayo ndiyo mwisho wa umbali wowote kwenye tufe hili. Fomula hiyo huyumba kidogo kwa nukta zilizo karibu mno, za mita chache, lakini kwa safari za ndege haina neno.

Tuje kwenye saa.

Kikokotoo cha kawaida hakijui ratiba, hakijui aina ya ndege, hakijui upepo. Kinachukua umbali, kinaugawanya kwa kasi moja, mara nyingi km 800 kwa saa, kisha kinaongeza dakika 30 za kuruka na kutua. Kwa Tromsø–Whitehorse: 5,370 gawanya kwa 800 ni saa 6 dakika 43, jumlisha nusu saa, unapata saa 7 dakika 13. Ukitaka kujua kikokotoo chako kinatumia kanuni gani, kipe jozi mbili za viwanja, moja yenye umbali wa km 800 hivi na nyingine km 1,600 hivi. Tofauti ya umbali gawanya kwa tofauti ya muda, kasi yake inajitokeza. Kinachobaki ni nyongeza yake. Baadhi hawaongezi chochote, na hao majibu yao yana upungufu wa nusu saa kwa kila safari, fupi au ndefu.

Kasi ya 800 ni ya ndege za jeti. Boeing 737 na Airbus A320 hutembea karibu km 830 kwa saa zikiwa juu. Lakini viwanja vya mikoani ni makazi ya ndege za pangaboi. ATR 72 hufikia kama km 510 kwa saa, Dash 8-400 kama 667. Chukua kipande cha km 1,000. Kikokotoo kitasema saa 1 dakika 45. ATR itatumia karibu saa 2 dakika 28 kwa hesabu hiyohiyo ya nyongeza. Dakika 43 zimepotea, nazo zinatosha kukukosesha ndege ya kuunganisha. Kwa hiyo kabla ya kuamini muda wa kipande chochote cha mkoani, tafuta aina ya ndege. Ratiba nyingi za kukatia tiketi huitaja kwa herufi ndogo chini ya namba ya safari. Ukiona AT7 (ATR 72) au DH4 (Dash 8-400) badala ya 73H (Boeing 737) au 320 (Airbus A320), fanya hesabu upya.

Upepo nao una kanuni ambayo watu huikosea. Kwenye latitudo za kati, kilomita 9 hadi 12 juu, pepo kali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na kasi ya zaidi ya km 160 kwa saa si jambo la ajabu. Tuseme wastani wa njia nzima ni km 120, umbali ni km 5,500, ndege ina kasi ya 830. Bila upepo ni saa 6 dakika 38. Upepo ukisukuma kutoka nyuma ni saa 5 dakika 47. Ukija usoni ni saa 7 dakika 45. Unaokoa dakika 51 unapokwenda, unapoteza saa 1 dakika 7 unaporudi. Havilipani, kwa sababu upepo wa usoni unakushika kwa muda mrefu zaidi. Kikokotoo kinachotoa muda uleule kwa kwenda na kurudi kati ya mashariki na magharibi kimekwambia chenyewe kwamba hakijali upepo.

Mipaka ya anga pia haimo. Tangu 2022 mashirika mengi ya Ulaya hayaruki juu ya Urusi. Helsinki–Tokyo, safari ya karibu km 7,800 kwa duara kuu, ilikuwa ikichukua saa 9 na nusu hivi. Ikapanda kufikia kama saa 13, ndege zikizunguka kwa kusini au zikipita juu ya Ncha ya Kaskazini. Umbali kwenye kikokotoo haukubadilika hata kwa kilomita moja, na kwa umbali ni sawa, kwani Helsinki na Tokyo hazikuhama. Saa ndizo zilizogeuka kuwa hadithi.

Na kwa jozi yetu, swali la msingi zaidi ni hili: je, ndege inaweza kweli kuipita njia hiyo? Kaskazini ya latitudo 78 mamlaka ya anga ya Marekani hulihesabu eneo hilo kuwa la ncha na huwatungia waendeshaji wake masharti ya ziada: viwanja vya dharura, mawasiliano, ufuatiliaji wa joto la mafuta. Mafuta ya Jet A hayatakiwi kuanza kuganda hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Jet A-1 hadi 47 chini ya sifuri. Ongeza kwamba kiwanja cha mkoani mara nyingi kina njia fupi ya kurukia, kwa hiyo ndege haiwezi kupaa na mafuta ya kutosha safari ndefu hata kama abiria wangepatikana. Nuuk, Greenland, ni ushahidi mzuri: ndege kubwa za kutoka ng'ambo zilianza kutua pale baada ya njia mpya ya mita 2,200 kufunguliwa Novemba 2024. Kabla ya hapo abiria walibadilisha ndege Kangerlussuaq. Kikokotoo kilitoa namba ileile ya moja kwa moja miaka yote hiyo.

Safari halisi ya Tromsø–Whitehorse hupita kwenye vituo. Njia mojawapo ni Oslo, London Heathrow, Vancouver. Kwa tufe: Tromsø–Oslo km 1,115, Oslo–London km 1,206, London–Vancouver km 7,579, Vancouver–Whitehorse km 1,483. Jumla km 11,383. Ni zaidi ya mara mbili ya umbali wa moja kwa moja, na namba hii ndiyo ambayo kikokotoo cha viwanja viwili hakitakuonyesha kamwe.

Ukitumia kanuni yake yenyewe kipande kwa kipande: saa 1 dakika 54, saa 2 kamili, saa 9 dakika 58, saa 2 dakika 21. Angani pekee ni saa 16 dakika 13. Weka saa 2 kwa kila kituo cha kubadilisha ndege, vituo vitatu, inakuwa saa 22 dakika 13. Ongeza saa mbili za kufika mapema kiwanja cha kwanza, siku nzima imekwisha. Na hizo saa 2 kwa kituo ni za bahati nzuri, kwa tiketi moja, ndege zote zikiwa zinaoana. Kwenye viwanja vya mikoani kinachoua muda zaidi ni idadi ya safari kwa wiki. Ndege ya mwisho ya siku ikikuacha Vancouver saa nne usiku, haijalishi kwamba Whitehorse iko saa mbili na ushei tu, utalala. Ratiba nazo hugeuka mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na njia nyingi za mikoani huwepo msimu mmoja tu. Muda uliopata kwa Julai usiuhamishie Januari.

Saa za ukutani ni somo jingine, na vikokotoo vingi hulichanganya na muda wa safari. Norwei iko saa 1 mbele ya saa ya dunia, UTC, wakati wa baridi, na saa 2 wakati wa kiangazi. Yukon iliacha kusogeza saa mwaka 2020 na sasa iko saa 7 nyuma mwaka mzima. Tofauti ni saa 8 Januari na saa 9 Julai. Huduma inayokuonyesha saa 9 misimu yote ina orodha ya zamani ya majira ya saa. Ukiondoka Tromsø Januari saa 06:00 na kusafiri saa 22 dakika 13, utafika Whitehorse saa 20:13 ya siku ileile ya kalenda. Ukitazama tiketi utaona kuondoka 06:00 na kufika 20:13, ukatoa moja kwa nyingine, ukapata saa 14. Sizo. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna mtego wa nyongeza kwenye huduma zilizotafsiriwa na mashine: "saa 7:13" inaweza kuwa muda wa safari, inaweza kuwa saa moja na dakika 13 asubuhi, na mwingine ataisoma saa saba mchana. Ukiona tafsiri ya namna hiyo, badilisha ukurasa urudi lugha yake ya asili au soma mfumo wa saa 24 peke yake.

Umbali wa moja kwa moja usidharauliwe kwa kuwa haurukwi. Kisheria una nguvu zake. Chini ya Kanuni Na. 261/2004 ya Umoja wa Ulaya, fidia ya safari iliyofutwa au kuchelewa sana hupangwa kwa umbali: euro 250 hadi km 1,500, euro 400 kwa km 1,500 hadi 3,500, na euro 600 kwa safari ya zaidi ya hapo isiyo ya ndani ya Umoja. Mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya Bossen, iliamua kwamba kwa safari za kuunganisha kinachohesabiwa ni duara kuu kati ya kiwanja cha kwanza cha kuondokea na kile cha mwisho, bila kujali ndege zilikozungukia. Kwa hiyo anayedai fidia apeleke namba ya kikokotoo ya viwanja viwili, si jumla ya vipande. Akiwa karibu na mpaka wa 1,500 au 3,500, zile kilomita chache kati ya tufe na WGS 84 zinageuka kuwa pesa, na hapo atumie kikokotoo makini.

Kwa hesabu ya hewa ya ukaa mambo hugeuka: hapo lazima utumie vipande. ICAO huongeza juu ya duara kuu km 50 kwa kipande kisichofika km 550, km 100 kwa kipande cha 550 hadi 5,500, na km 125 kwa kinachozidi, kufidia mizunguko ya kupaa, kusubiri kutua na kukwepa hali mbaya ya hewa. Vipande vyetu vinne vinaongezewa 100, 100, 125 na 100; jumla inakuwa km 11,808. Kikokotoo cha hewa ya ukaa kinachochukua 5,370 kimekusamehe zaidi ya nusu ya safari.

Alama, basi. Kwa umbali, vikokotoo makini vinastahili 9 kati ya 10, moja imekatwa kwa kushindwa kumwuliza mtumiaji "Santiago ipi?". Kwa muda wa kipande kimoja cha ndege ya jeti, 6. Kwa muda wa safari nzima kati ya viwanja viwili vya mikoani, 2, na hizo mbili ni kwa sababu namba yake angalau inakupa kima cha chini ambacho hakuna ratiba itakayokishinda.

Muda wa kweli wa kila kipande uchukue kwenye rekodi za ndege zilizokwisharuka. Flightradar24 huonyesha bure safari za siku 7 zilizopita kwa namba ya ndege: saa iliyopangwa kuondoka, iliyoondoka kweli, iliyotua. Chukua zote saba, si moja. Tazama ile mbaya kuliko zote, toa saa yake ya kutua kwenye saa iliyopangwa ya ndege yako inayofuata. Ikibaki chini ya dakika 45 na kiwanja cha kati ni kikubwa, tafuta ndege ya kuunganisha iliyo nyuma ya hiyo, hata kama kikokotoo kitadai umepoteza saa tatu.